Chuo cha bweni kwa kijana mwenye ulemavu: nyota nne kwa chuo, mbili kwa mpango wa hela

Chuo anachosoma mwanangu nakipa nyota nne, na ningekipa tano kama si chakula. Mpango wa hela unaokizunguka naupa mbili, na hizo ni kwa sababu hela zenyewe mwishowe huja. Naandika kwa wazazi wenzangu mlioko England. Scotland na Wales wana taratibu zao. Jina la chuo sitalitaja, wala la halmashauri yetu. Kijana ni mtu mzima sasa, na mambo yake si ya kutangazwa.

Ana miaka 20, ana ulemavu wa akili na kifafa. Chuo kiko mashambani, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwetu huku Midlands. Analala huko wiki 38 kwa mwaka. Likizo zote na baadhi ya wikendi anarudi nyumbani.

Jikoni kwao kila kabati limebandikwa picha ya kilichomo ndani. Kwenye maikrowevu kuna vitone vya mpira, cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia. Huyu ni mtoto ambaye kwangu alikuwa hagusi birika. Nilikuwa nikimwona tu karibu na jiko, naruka. Nilipokwenda kumtembelea akanikalisha kitini, akachemsha maji, akamimina taratibu huku anahesabu kwa sauti, akaniuliza, "Mama, sukari ngapi?" Kabla sijajibu ameshatia vijiko viwili, maana anajua. Wana siku ya kupika ambapo kila mwanafunzi anachagua chakula chake, wanamtengenezea kadi ya hatua zenye picha. Yeye alichagua wali wa nazi. Kadi iko na picha ya kopo la tui, sufuria, na mkono unaoonyesha usikoroge sana. Nimeomba nakala, ipo ukutani kwangu.

Asubuhi anafanya kazi kwenye mkahawa wa chuo unaohudumia wateja wa kweli wa kijijini, mchana ana hesabu za pesa na kupanda basi. Usiku wafanyakazi wako macho kwa ajili ya kifafa, na ripoti ya kila tukio naipata kabla sijamaliza chai ya asubuhi. Kwa hili sina la kusema.

Nyota niliyokata: nyama ya halali ipo, lakini inatoka kwenye friza, inapashwa, haina hata chumvi. Na msikiti uko mbali, kwa hiyo Ijumaa inapita kama Jumanne. Wameahidi kumpeleka mara moja kwa mwezi. Tutaona.

Sasa hela. Watu wengi wanadhani kijana akipata chuo cha bweni, benefiti zinaongezeka. Kinyume chake: nyumba inapungukiwa, na hakuna anayekuambia mapema. Halmashauri inazungumzia chuo tu, ofisi ya mafao inazungumzia fomu tu, na wewe mzazi ndiye unayejikuta katikati umeshika barua mbili zisizojuana.

Viwango vya wiki ninavyotaja vilikuwa vya mwaka wa fedha 2025/26. PIP, yaani posho ya serikali kwa mtu mwenye ulemavu, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya maisha ya kila siku, ambayo kwa kiwango cha juu ilikuwa pauni 110.40 kwa wiki. Ya pili ni ya mwendo, kiwango cha juu pauni 77.05. Kijana akilala chuoni kwa gharama ya halmashauri, sehemu ya maisha ya kila siku inalipwa kwa siku 28, kisha inasimama. Ya mwendo haisimami. Kama mna gari la Motability, yaani mpango wa kukodi gari kwa hiyo hela ya mwendo, gari linabaki, mradi litumike kwa manufaa yake. Kwetu ndilo linalomfuata na kumrudisha.

Hapo kwenye siku 28 ndipo watu wanapoteza hela zao halali. Siku anazokuwa nyumbani, sehemu iliyosimama inalipwa. Na siku ya kutoka chuoni na siku ya kurudi, zote mbili zinahesabiwa ni za nyumbani. Akija Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku, hizo ni siku tatu. Kwa kiwango hicho cha juu cha 2025/26, siku moja ilikuwa kama pauni 15.77, kwa hiyo wikendi moja ilikuwa zaidi ya pauni 47. Hailipwi yenyewe, lazima uwajulishe tarehe. Mimi naandika kwenye kalenda ya jikoni, na kila muhula unapoanza natuma ratiba nzima ya chuo, halafu nawapigia likibadilika jambo.

Kuna na hili la likizo. Vipindi vya kulala chuoni vikitenganishwa na siku 28 au pungufu, vinaunganishwa kama kimoja. Kwa hiyo baada ya likizo ya Krismasi, ambayo ni fupi, hakuna siku 28 mpya. Lakini likizo ya kiangazi inazidi hapo, kwa hiyo Septemba hesabu inaanza upya na analipwa siku 28 nyingine. Nilipomweleza mhudumu wa simu, aliniweka kwenye muziki muda mrefu, akarudi akasema, "Ni kweli, mama." Nikamwambia najua.

Ikisimama sehemu hiyo, Carer's Allowance yako, ile posho ya mlezi, nayo inasimama, kwa sababu inategemea PIP ya mtoto. Hiyo mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Wiki za likizo unaweza kuipata, ukimtunza saa 35. Ila wiki yao inaanza Jumapili inaisha Jumamosi, kwa hiyo wikendi moja inakatwa katikati: Ijumaa na Jumamosi ziko wiki hii, Jumapili iko wiki ijayo, na kufikisha saa 35 upande wowote ni kazi. Aliyepanga hivyo hajawahi kumfuata mtoto bwenini. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, na miaka yote nilijibana kwenye saa chache kwa wiki nisivuke kikomo cha kipato, ambacho mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato. Ukivuka hata kidogo unapoteza posho yote. Sasa nimeongeza zamu. Uchungu wa hela umepungua, uchovu umeongezeka.

Halafu Universal Credit yake mwenyewe, ile posho ya kila mwezi ya wenye kipato kidogo. Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo nilipokatia nyota nyingi.

Mwanafunzi wa kutwa nzima kwa kawaida haruhusiwi Universal Credit. Mwenye ulemavu anaruhusiwa kama anapata PIP na kama imeshaamuliwa kwamba uwezo wake wa kufanya kazi una mipaka. Tangu Desemba 2021, uamuzi huo lazima uwe umetoka kabla hajaanza masomo. Akianza chuo Septemba bila barua hiyo, mlango umefungwa. Sasa atapimwaje kabla, na madai yake ya Universal Credit yatakataliwa kwa kuwa ni mwanafunzi? Njia iliyopo ni kudai ESA ya aina mpya, yaani posho ya asiyeweza kufanya kazi kwa ugonjwa au ulemavu, ile inayotegemea michango ya kazi. Kijana hajafanya kazi, hana michango, na hela hatapata. Mnadai mkijua mtanyimwa. Lakini kwa kudai, wanalazimika kumtumia fomu ya afya na kumpima, na ule uamuzi ndio mnaoutaka.

Wa kwetu alidai Februari akiwa mwaka wa mwisho wa shule. Barua ya kunyimwa hela ilikuja upesi. Fomu ya afya ikafuata, tukaijaza na ripoti za daktari wa kifafa na mwalimu, na uamuzi ukatoka kiangazi. Mume wangu alikuwa anauliza kila siku, "Mnaomba kitu ambacho hamtapewa, mna akili kweli?" Septemba kijana akadai Universal Credit na barua mkononi, wakakubali. Yenyewe haiguswi na ile sheria ya siku 28.

Mjue mambo mawili hapo. Kijana akidai kwa jina lake, Child Benefit ya mzazi, yaani posho ya mtoto, inakoma, na kama wewe uko Universal Credit, sehemu yako ya mtoto pamoja na nyongeza ya ulemavu nayo inaondoka. Fanyeni hesabu ya nyumba nzima kwanza, kwa vijana wa miaka 16 hadi 19 hasa. Na kuanzia Aprili 2026, wengi wanaoanza kupata nyongeza ya afya ya Universal Credit, kwa viwango vya 2026/27, ni pauni 217.26 kwa mwezi badala ya 429.80 ya wale waliotangulia. Wenye hali nzito za kudumu zinazokidhi vigezo vyao wamesalimika.

Hela hiyo ni yake, si ya nyumba. Mimi ni msimamizi wake rasmi wa mafao tangu alipotimiza 16. Alikuja ofisa nyumbani, akatuuliza maswali, akasaini. Akaunti iko kwa jina lake. Na kwa kuwa chuoni hatumii sana, hela inajikusanya. Akiba ikipita pauni 6,000, Universal Credit inaanza kukatwa. Ikipita 16,000 inakoma. PIP haijali akiba. Sisi tumemnunulia tableti ya kuongea na wenzake, godoro zuri la nyumbani, na safari ya Tanga kumwona bibi yake. Risiti zote ziko kwenye bahasha.

Kuhusu nani analipa chuo: ulizeni swali hili kwa maandishi. Kinachoandikwa kwenye EHCP, ule mpango wa kisheria wa elimu, afya na matunzo ya kijana, kama huduma ya elimu, yaani Sehemu F, hakichangiwi na familia hata senti. Lakini halmashauri ikilipa kipande kutoka mfuko wa ustawi wa watu wazima, inaweza kupima kipato cha kijana na kumtoza mchango kutoka kwenye benefiti zake, isipokuwa PIP ya mwendo, ambayo hawaruhusiwi kuihesabu. Halmashauri yetu ilijaribu kuandika usiku wote kama "matunzo". Tukasema hapana, kujifunza kuoga mwenyewe, kupika na kumeza dawa kwa wakati ndiyo elimu yenyewe, na ripoti ya mtaalamu ikaliunga mkono hilo.

Kabla ya hapo walishasema chuo cha kutwa cha mjini kinatosha. Kwa anayetoka shule kwenda chuo Septemba, mpango wa EHCP uliokamilika unatakiwa kutoka ifikapo 31 Machi. Wetu ulichelewa, na ulipokuja, Sehemu I, inayotaja chuo, ilikuwa na jina la chuo tusichokitaka. Tulikata rufaa kwenye baraza la SEND, linaloamua migogoro ya elimu ya wenye mahitaji maalumu. Ada hakuna, na muda wa kukata ni miezi miwili tangu tarehe ya barua. Barua zetu tuliandika kwa kufuata mifano ya bure ya IPSEA, shirika la hisani la ushauri wa sheria za elimu maalumu, na kwenye mafao tulipiga simu ya bure ya Contact, shirika la hisani la familia zenye watoto wenye ulemavu. Hao wote wawili nawapa nyota tano, walinisikiliza na lafudhi yangu bila kunikata kauli. Wiki chache kabla ya kesi kusikilizwa, halmashauri ikakubali. Wanafanya hivyo sana.

Kwa wenye viza yenye masharti ya kutotumia fedha za umma: PIP, Universal Credit, Child Benefit na Carer's Allowance zote ni fedha za umma, msiziguse kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji. EHCP haimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo msiogope kuiombea. Na PIP kwa aliyefika karibuni inataka kwa kawaida awe amekaa nchini wiki 104 katika 156 zilizopita. Wakimbizi waliokubaliwa wamesamehewa.

Lawama za nyumbani utazipata. Mama yangu alipiga simu: "Mwanangu, mtoto kama huyo unawaachia Wazungu wamwogeshe?" Nikamwambia, "Mama, haogeshwi, anaoga mwenyewe." Akanyamaza kidogo, akauliza kama anajua kusugua mgongo. Wajukuu zake wengine wote walipelekwa bweni Lushoto na Korogwe wakiwa wadogo kuliko huyu, na hakuna aliyelia. Nilimtumia video ya ile chai. Sasa anaipeleka kwa majirani.

Kama mtoto wako bado yuko Year 9, yaani darasa la watoto wa miaka 13 hadi 14, kwenye mkutano wa mapitio wa mwaka huo ndipo wanapopaswa kuanza kupanga maisha yake ya utu uzima. Taja chuo cha bweni hapo hapo, na usitoke chumbani mpaka uone kimeandikwa kwenye kumbukumbu.