TRICARE ukiwa Kisumu: uzoefu wangu na bima ya wastaafu wa jeshi la Marekani

Wake za wenzetu walioko Texas na North Carolina, wanaojiandaa kurudi nyumbani, huniuliza kila mara: hiyo bima ya jeshi inafanya kazi Kenya? Inafanya. Tunaitumia hapa Kisumu, mimi, mume wangu aliyestaafu jeshi la Marekani na watoto wetu wawili. Ila haifanyi kazi vile wengi wanavyodhani, na anayekuja bila akiba atajuta siku ya kwanza ya kulazwa.

Mwanajeshi akitumikia miaka 20 na kustaafu, TRICARE humfuata yeye, mke na watoto. Akiwa Marekani huchagua kati ya mipango miwili ya bima hiyo, Prime na Select. Huku ng'ambo uchaguzi huo haupo, maana Prime Overseas ni ya walio kazini na familia zao. Mstaafu ambaye hajafika miaka 65 hubaki na TRICARE Select Overseas, na haiji yenyewe: baada ya kustaafu kuna siku 90 za kujiandikisha. Pia kila mtu wa familia lazima awe kwenye rejista ya jeshi inayoitwa DEERS, na wake wengi wa huku hukwama hapo. Mahari yalitolewa, ng'ombe walifika, wazee walikula wakashiba, lakini cheti hakuna. Kama ndoa yenu ni ya kimila, isajilini kwa msajili wa ndoa kwanza, ndipo mguse fomu za Wamarekani.

Bei yenyewe sina ugomvi nayo. Sisi tuko kundi la walioingia jeshini kabla ya 2018, na hadi mwisho wa 2020 hatukulipa ada ya Select. Kuanzia 1 Januari 2021 ikawekwa dola 12.50 kwa mwezi kwa mtu mmoja na dola 25 kwa familia, na imekuwa ikipanda. Hukatwa kwenye pensheni kabla haijafika. Kila mwaka dola 150 za kwanza za matibabu ya mtu mmoja, au 300 kwa familia, ni juu yenu. Zikiisha hizo, mnalipa asilimia 25 na bima asilimia 75. Kuna kikomo pia cha jumla mnayoweza kutozwa kwa mwaka, ambacho 2021 kiliwekwa dola 3,500 kwa familia. Nimewahi kuuliza bei za bima za kibinafsi hapa mjini kwa mwanamume aliyepita miaka 60. Nilishukuru, nikaondoka.

Sasa tuje kwa keshia. Ukifika hospitali ya Kisumu na kadi ya jeshi la Marekani, mhudumu wa dawati la bima ataigeuza mbele na nyuma, atauliza ni ya kampuni gani, halafu atakuelekeza ukalipe kama watu wengine. Hana kosa. Select Overseas imejengwa hivyo: mgonjwa analipa hospitali, kisha anadai kurudishiwa. Mume wangu alipofanyiwa upasuaji wa ngiri tulitanguliza shilingi laki moja na nusu kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji, na tukamalizia siku ya kutoka. Ni kama kumkopesha shemeji mwenye kazi nzuri: pesa itarudi, lakini hujui ni mwezi gani.

Na itarudi ikiwa karatasi zimekaa sawa. Bili ya kwanza tuliyopewa na hospitali moja ya kibinafsi ilikuwa na mstari mmoja tu, upasuaji na wodi, kisha jumla. Hiyo haifai kitu. Inatakiwa bili inayotaja ugonjwa, tarehe na bei ya kila huduma, na jina la daktari, ikiwa na nembo ya hospitali. Ilibidi nikae na mhasibu wao mpaka ikatoka ilivyotakiwa. Siku hizi naomba bili ya namna hiyo mapema, kabla mgonjwa hajaruhusiwa, kwa sababu ukishalipa na kuondoka hakuna anayekukumbuka. Bili hiyo unaiambatanisha na fomu ya madai, DD 2642, na uthibitisho kwamba kweli ulilipa. Mimi huweka risiti ya hospitali pamoja na taarifa rasmi ya M-Pesa ya mwezi huo, siyo picha ya ujumbe wa simu. Huku ng'ambo mna miaka mitatu ya kuwasilisha madai tangu siku ya matibabu, nami nasema msingoje hata miezi mitatu, kwa kuwa wino wa risiti za huku hufutika haraka kuliko deni. Kazi ya TRICARE ng'ambo inasimamiwa na kampuni ya International SOS, na madai yanaweza kutumwa kwa mtandao. Pesa zetu huingia kwenye akaunti ya benki tuliyoiacha wazi Marekani. Msiifunge yenu.

Kwenye dawa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Dawa za kuletewa kwa posta, ambazo wastaafu wa Marekani wanazisifu, hazifiki Kisumu. Zinahitaji anwani ya kule na daktari mwenye leseni ya kule. Hivyo tunanunua dukani na kudai. Lakini cheti cha daktari lazima kiwepo, hata kama muuza dawa wa mtaani angekupa bila kukuuliza. Na kitu ambacho Marekani huuzwa bila cheti, kama dawa ya kawaida ya maumivu, hakirudishwi hata daktari akikiandika kwa herufi kubwa.

Kwa sababu ya hayo yote tuko pia kwenye SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, kila mkazi wa Kenya anatakiwa kujisajili. Hatuna mwajiri hapa, hivyo tulipimwa uwezo kwa maswali: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, maji mnayatoa wapi. Kiwango ni asilimia 2.75 ya mapato, hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima. Kijana wetu alipolazwa Jaramogi, hospitali ya rufaa ya hapa Kisumu ambayo sisi wenyeji bado tunaiita Russia, SHA ilibeba sehemu kubwa na hatukuhitaji kuhangaika na pesa za kutanguliza. Jambo la kujua ni kwamba TRICARE huihesabu SHA kuwa bima nyingine, na bima nyingine hulipa kwanza. Itajeni kwenye fomu, muambatanishe karatasi ya kilicholipwa, kisha mdai kilichobaki. Wapo wanaoificha. Siwashauri.

SHA pia ndiyo iliyotuokoa kwa upande wa wazazi. Kwa TRICARE, familia ni mke au mume na watoto, basi. Watoto wenyewe huishia miaka 21, au 23 kama wanasoma chuo kwa muda wote na nyinyi ndio mnaowalea. Mama mkwe wangu, Dani kama watoto wanavyomwita, yuko Bondo na ana shinikizo la damu, na hakuna fomu ya Wamarekani itakayomwingiza kwenye bima hiyo. Tulimsajili SHA kama kaya yake mwenyewe, na mchango wake tunaulipa sisi. Kwa kweli, kwa familia ya Kiafrika hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, na sijaona mshauri yeyote wa wastaafu akilitaja.

Meno hayamo kwenye TRICARE, mstaafu hununua bima ya meno kando, kwenye mpango wa FEDVIP. Goti la mume wangu nalo liko njia nyingine kabisa. Lilitambuliwa kuwa jeraha la kazini, hivyo hulipiwa na VA, idara ya Marekani ya waliowahi kuwa wanajeshi, kupitia mpango wao wa matibabu ya nje ya nchi. Huo ni wake peke yake, na ni kwa jeraha hilo na yanayotokana nalo.

Tunachojadili nyumbani sasa ni miaka 65, ambayo kwake iko karibu. Akifika hapo anahamia TRICARE For Life, isiyo na ada yake, ila lazima awe na Medicare, bima ya wazee ya serikali ya Marekani, sehemu A (ya hospitali) na B (ya madaktari). Medicare hailipi matibabu ya Kenya. Hata hivyo sehemu B lazima ilipiwe, na mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi, la sivyo TRICARE inakatika. Anayechelewa kujiunga huongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokaa nje, na nyongeza hiyo haiondoki. Mume wangu aliona ni wizi wa mchana. Tulipiga hesabu ya ngiri ile moja, tukakubaliana kulipa. Mimi umri huo sijaufikia, kwa hiyo nitabaki Select pamoja na watoto mpaka wavuke umri, kisha ada yangu ishuke iwe ya mtu mmoja.