Kilainishi cha nguo kwenye nywele za mwanasesere: uzoefu wangu

Kilainishi cha nguo kinasifiwa mno na watu wanaofufua wanasesere wa zamani. Nami nimekitumia vya kutosha kukitolea neno: kinafaa, ila kinabebeshwa sifa ambayo kwa haki ni ya maji ya moto.

Mwanasesere mwenyewe ni mkubwa, wa kukumbatiwa. Uso wake ni mzima kabisa, lakini nywele za kisogoni zilikuwa zimejisokota zikawa donge moja, na ncha zimekuwa timutimu. Kabla ya kumlowesha nilimchomoa unywele mmoja mahali pasipoonekana, nikautia kwenye bilauri ya maji yenye tone la sabuni ya vyombo, nikausukuma chini kwa kidole ili viputo viachie. Ukizama, ni nailoni, sarani au kanekaloni, aina za nyuzi za plastiki zilizo nzito kuliko maji. Ukirudi juu ukaelea, ni polipropilini, plastiki nyepesi kuliko maji, ambayo ikishachakaa ni vigumu kuifufua. Jaribio hili halina gharama, na ndilo linaloonyesha kama jasho litakalofuata litalipa. Wangu ulizama.

Nilimwosha kwanza kwa sabuni ile ile ya vyombo, maana kilainishi juu ya uchafu ni kupaka rangi juu ya kutu. Kisha kijiko kimoja cha chakula cha kilainishi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, nywele zikaachwa humo kama saa moja. Hapo ndipo chupa ilipojitetea. Donge ambalo likiwa kavu lilikuwa linanikatia nyuzi lilianza kuachia taratibu, chanuo la chuma lenye meno membamba likipita kuanzia nchani na kupanda juu kidogo kidogo. Nywele za plastiki hazinywi kitu, kwa hiyo tusidanganyane kwamba zinalishwa. Kilainishi huzipaka tu utando mwembamba unaopunguza msuguano na ule umeme tuli unaozifanya zirukeruke. Kondishena ya kawaida ya nywele hufanya kazi hiyo hiyo, ila kwangu ilikuwa nzito na ngumu zaidi kuisuuza.

Baada ya kuchana, donge lilikwisha lakini utimutimu ulibaki pale pale. Hakuna chupa inayoweza kuuondoa. Uzi wa plastiki uliopinda hunyooka kwa joto tu: ukipata moto unalegea, ukipoa unashika umbo ulilo nalo wakati huo. Waliowahi kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto wanalijua hilo, na rasta nyingi ni kanekaloni hiyo hiyo. Nilichemsha maji, nikayaacha yapumue kidogo, nikamwinamisha mwanasesere ili uso usiguswe, nikamwaga polepole kutoka karibu na mizizi kwenda nchani huku nikichana. Mabadiliko niliyaona papo hapo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie pasi ya nywele. Maji yanayochemka hayavuki nyuzi 100 za Selsiasi, ilhali pasi nyingi hufika 200, na polipropilini huyeyuka kwenye takriban 160. Ukikosea hapo hakuna kurudi nyuma. Draya nayo hupuliza joto lisilo sawa, siipendi.

Kwa mawimbi nilizungusha mafungu madogo kwenye mirija ya kunywea, ncha nimezifunika kwa kipande cha tishu zisije zikapinda vibaya, nikafunga kwa uzi. Mipira ya kubania naiepuka, huacha alama na ikizeeka inanata. Nikamwagia maji ya moto, kisha ya baridi, na sikufungua hadi kila kitu kikauke. Uvumilivu huu ndio unaowashinda wengi. Ukifungua zikiwa na unyevu, mawimbi yanalegea yote.

Kilainishi kina kasoro zake. Harufu yake haitoki upesi, na kisiposuuzwa vizuri nywele hunata na kukusanya vumbi, zikawa mbaya kuliko mwanzo. Kama mwanasesere ni wa mtoto anayetia kila kitu mdomoni, suuza mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, au baki na sabuni na maji ya moto tu. Tena hakiondoi gundi: baadhi ya vichwa vina gundi ndani ambayo huvujia nje kupitia matundu ya nywele, na nywele zikabaki na mafuta hata uoshe vipi. Na ikiwa macho yake yanafumba na kufumbua, usizamishe kichwa kizima, kwa kuwa vyuma vya ndani vinaweza kushika kutu.

Nitakinunua tena, chupa ndogo, isiyo na harufu, kwa ajili ya madonge tu. Kwa nywele zilizoelea kwenye bilauri na zimeshachakaa, sitapoteza hata kijiko. Hizo nitazipunguza kwa mkasi, au nizing'oe zote nimshonee wigi.