Klabu Mpya Ndani ya Football Manager 2024: Msimu wa Kwanza Unavyokwenda

Haya, karibuni watazamaji. Leo sichambui gemu nzima. Football Manager 2024, ile gemu ya kompyuta ya kuwa kocha wa klabu ya soka, mnaijua, na wengi wenu bado mko nayo kwenye kompyuta kwa sababu ile ya 2025 ilifutwa kabla ya kutoka, na ya 2026 ilipofika Novemba 2025 ikaja na injini mpya inayodai mashine yenye nguvu zaidi. Hii ya 2024 inaridhika na RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 7, kwa hiyo hata ile kompyuta ya mtumba uliyonunua kule barabara ya Luthuli, Nairobi, inaibeba bila shida.

Ninachochambua ni sehemu moja tu, pale kwenye menyu ya mwanzo palipoandikwa Create-A-Club. Unaunda klabu ambayo haijawahi kuwepo, unaitia kwenye ligi, halafu unaivusha msimu wa kwanza. Nilitaka kujua kama gemu hii inafahamu yale ambayo timu mpya hupitia. Naam, inafahamu, tena imeugusa ugonjwa wenyewe: timu mpya inaweza kuwa na wachezaji wazuri kila idara na bado ikapigwa na timu dhaifu, kwa sababu wachezaji hawajuani. Kuna mahali inakosea pia, na pananiuma. Tutafika huko.

Kwanza, ligi. Kati ya nchi zote za Afrika, ligi inayokuja na gemu hii ikiwa tayari kuchezwa ni ya Afrika Kusini peke yake. Ligi yetu ya Kenya haimo. Gor Mahia, klabu ya tangu 1968, iliyobeba Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, huwezi kuifundisha mpaka utafute faili lililotengenezwa na mashabiki na kulipakia mwenyewe. Nawaheshimu sana wanaotengeneza mafaili hayo, kazi yao ni kubwa na hawalipwi. Lakini leo nataka kuipima kazi ya watengenezaji wa gemu, Sports Interactive, kwa hiyo nimekwenda Afrika Kusini, daraja la pili. Wala si ugenini sana kwetu. Anthony Akumu alicheza Kaizer Chiefs, Brian Mandela akawa Mamelodi Sundowns, Wakenya wote wawili. Daraja lenyewe lina timu 16 na mechi 30. Bingwa anapanda moja kwa moja, wa pili na wa tatu wanaingia mchujo pamoja na timu iliyoshika nafasi ya 15 ligi kuu.

Timu nimeipa jina la Buruburu, jezi ya kijani yenye mikono ya njano. Kuchora beji na jezi ni rahisi na kunapendeza, sina la kuongeza hapo. Twende kwenye kikosi, maana ndiko kwenye utamu.

Kila mchezaji humu ana sifa zinazopimwa kuanzia 1 hadi 20: kasi, pasi, kumiliki mpira, maamuzi, bidii, na nyingine nyingi. Kwa makusudi kabisa nilikusanya wachezaji wenye namba nzuri kutoka timu tofauti tofauti, kila mmoja na alikotoka. Kwenye karatasi, Buruburu ilikuwa miongoni mwa timu bora za daraja lile. Nilitaka kuona kama gemu itanizawadia ubingwa wa bure.

Haikunizawadia chochote! Angalieni hapa kwenye skrini, ukurasa wa mahusiano ya kikosi. Hii piramidi inaonyesha nani anasikilizwa na wenzake. Juu kabisa hukaa viongozi wa timu, chini yao wenye ushawishi mkubwa, kisha wenye ushawishi wa kawaida, halafu wengine. Kwenye klabu iliyozoeana utakuta majina mawili matatu pale juu, watu waliokaa miaka. Kwetu juu hakuna mtu. Karibu kikosi kizima kimerundikana ngazi ya chini, kwa sababu gemu inahesabu muda mtu aliokaa klabuni, na hapa kila mtu amefika juzi. Fungua vikundi vya urafiki, ni yale yale. Vikundi hivyo hujengwa na muda, uraia na lugha. Wachezaji wanaotoka nchi moja wameshaanza kukaa pamoja, waliobaki kila mtu na lwake. Na huu mstari hapa, wa maelewano ya timu, uko chini kabisa.

Sasa msiishie kwenye huo mstari. Tazameni mechi. Tuko ugenini, tunaongoza bao moja, dakika ya 86, wanapata kona. Nimesimamisha picha hapa. Beki wangu wa kati na kiungo mkabaji wote wawili wanamfuata mtu mmoja, yule mrefu anayeelekea mlingoti wa karibu. Nyuma yao straika wao amesimama peke yake. Mpira unapita juu ya vichwa vyote, anaugusa tu, bao. Ukiwaangalia mmoja mmoja, beki huyo ana 14 kwenye kukaba na kiungo ana 13. Daraja la pili hizo ni namba nzuri sana. Kilichokosekana ni wao wawili kujua nani anabaki na nani anakwenda, na hilo halionekani kwenye ukurasa wa mchezaji yeyote. Nilivyoliona bao lile nikasema hapa gemu imenena kweli. Anayekwenda viwanjani mwetu ameona bao la namba hiyo mwanzoni mwa msimu, timu ikiwa imesajili watu kumi kwa mpigo.

Mwezi wa kwanza wa ligi ulikuwa wa taabu. Sare, kipigo, sare. Pasi inakwenda mahali straika alipokuwa, mwenyewe ameshahama. Beki wa kulia anapanda, winga wa kulia naye anapanda, huku nyuma pamebaki shamba.

Dawa yake ipo, na hapa ndipo gemu inastahili sifa za wazi, kwa sababu dawa inafanana na ile ambayo kocha wa kweli angetumia. Nenda kwenye ratiba ya mazoezi. Kuna vipindi vya kuwaunganisha wachezaji, kuna cha kutoka pamoja kwenda kuitembelea jamii inayoizunguka klabu, na kuna vya mbinu za mechi. Watu wengi huvipuuza, wanajaza wiki nzima mazoezi ya nguvu na kupiga mashuti. Kwa timu mpya, vipindi hivi ndio chakula. Mechi za kirafiki kabla ya ligi zipange na timu mnazoweza kuzishinda, kwa sababu ushindi unajenga moyo wa kikosi haraka. Na chagua mfumo mmoja. Mimi nilikaa na 4-2-3-1 hata nilipopoteza. Kila unapobadilisha mfumo, vile vipimo vya kuzoea mbinu vinashuka, na timu isiyojuana haiwezi kumudu kuanza upya kila wiki.

Halafu kuna suala la nahodha. Huyu hapa. Kiungo wa miaka 34, kasi 6. Sita! Kijana yeyote wa daraja lile anamwacha. Lakini tazama safu hii ya sifa za akili: uongozi 17, ari 18, kucheza kitimu 16. Nilimpa utepe siku ya kwanza. Nikamweka kwenye kikundi cha malezi pamoja na vijana wawili. Kikundi cha malezi kinataka watu watatu au zaidi, na mwenye hadhi kubwa kikosini anawaambukiza wengine tabia yake polepole. Ilipofika katikati ya msimu alikuwa ameshapanda piramidi hadi kwa viongozi wa timu, na mmoja wa wale vijana ari yake ilikuwa imepanda kutoka 9 hadi 12. Hizo pointi tatu zina thamani kuliko straika wa mkopo.

Jambo jingine zuri la toleo hili ni kocha wa mipira iliyokufa, ambaye hakuwepo matoleo ya nyuma, pamoja na mfumo mpya kabisa wa kupanga kona na faulo. Baada ya lile bao la dakika ya 86 nilimwajiri mmoja. Unaelekezwa kwa maswali mepesi: unataka kukaba mtu au eneo, nani abaki mlingotini. Mzunguko wa pili kona hazikututesa tena kama mwanzo.

Tukamaliza wa saba. Kwa klabu ya mwaka wa kwanza iliyoanza vile, nafasi hiyo ni ya haki, na gemu haikunionea wala kunibeba.

Sasa je, timu mpya ni lazima iteseke? Kwenye soka halisi, la hasha. Chukueni St. Louis City ya Marekani. Iliingia MLS, ligi kuu ya kule, mwaka 2023, ikashinda mechi zake 5 za kwanza, jambo ambalo hakuna timu mpya iliyowahi kulifanya kwenye ligi ile, ikamaliza msimu wa kawaida ikiongoza Kanda ya Magharibi. Kule timu mpya huwa inaruhusiwa kuchagua wachezaji ambao klabu nyingine hazikuwalinda, lakini siri haikuwa hapo. Kocha wao, Bradley Carnell, ambaye ni Mwafrika Kusini, aliteuliwa mapema 2022. Kipa Roman Bürki, aliyekuwa Borussia Dortmund, alijiunga 2022. Timu yao ya pili ilianza kushindana mwaka huo huo wa 2022. Yaani walipocheza mechi ya kwanza ya MLS, walikuwa na mwaka mzima wa kujuana nyuma yao. Au tubaki Afrika Kusini kwenyewe: Magesi walipanda ligi kuu 2024, na Novemba ya mwaka huo huo wakabeba kombe la Carling Knockout kwa kuwafunga Sundowns 2-1 kwenye fainali. Wale walipanda pamoja kama timu, hawakukusanywa juzi. Na hapa kwetu Kenya Police walipanda 2021, wakachukua ubingwa wao wa kwanza msimu wa 2024/25. Walijengwa, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza inapoingia. Create-A-Club haikupi huo mwaka wa maandalizi. Unakabidhiwa klabu ikiwa kamili, maandalizi ya msimu yanaanza, wiki chache baadaye uko uwanjani. Huwezi kuteua kocha mapema, kusajili kipa mapema, na kuipeleka timu ya vijana kwenye ligi ndogo wakati klabu kubwa inajengwa. Gemu inayojua maelewano ni kila kitu ingetupa nafasi ya kuyajenga kabla, na ingekuwa sehemu tamu kuliko zote.

Ya pili ni kwamba ili uingie, lazima ufute klabu iliyopo. Unachagua jina kwenye orodha, na lako linachukua nafasi yake. Klabu ile ina watu wake. Kuna mzee mahali fulani Limpopo au Cape Town anayeifuata kila Jumamosi. Kwa nini ligi isiongezwe timu ya 17? Ukitumia kihariri cha gemu na ukawa na subira unaweza kuibadilisha ligi yenyewe, lakini mchezaji wa kawaida hafiki huko.

Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, mashabiki. Gemu inanipa idadi ya waliohudhuria na inanipa matarajio yao. Haijui hata kidogo jinsi mapenzi ya klabu yanavyozaliwa. Hapa Nairobi mtu ni wa Gor kwa sababu babake alikuwa wa Gor, au ni wa Ingwe, yaani AFC Leopards, kwa sababu mjomba alimpeleka uwanjani akiwa bado anabebwa begani. Mashemeji Derby, mechi ya Gor na Ingwe, inajaza watu hata miaka ambayo timu zote mbili haziko kileleni. Klabu mpya inaingia kwenye mji ambao mioyo imeshachukuliwa, na kumtoa shabiki kwao ni kazi ngumu kuliko kupanda daraja. Humu ndani Buruburu ilipata watu wake tangu mechi ya kwanza, kama vile tumekuwepo siku zote. Ningetamani kuanza na watu 200 kwenye jukwaa moja, niwajue, nione wanavyoongezeka kwa sababu ya kijana wa mtaani aliyefunga bao la ushindi.

Kwa hayo, sehemu hii naipa 7 kati ya 10. Mambo ya ndani ya timu, yaani chumba cha kubadilishia nguo, mazoezi na uwanja, ningeyapa 9. Klabu kama kitu cha watu, 5.

Mkienda kujaribu, anzeni daraja la pili na bajeti ya wastani, kwa sababu pesa nyingi zitawafanya mnunue tu na hamtaona haya niliyoyaonyesha. Mechi zitazameni kwa vipande virefu, msiziweke kwenye matukio makubwa pekee, maana makosa ya watu wasiojuana yanatokea dakika ambazo vipande vifupi vinaziruka. Wachezaji wa kigeni hesabuni vizuri, Afrika Kusini idadi yao ina kikomo. Na kabla ya kusajili straika yeyote, tafuteni mzee wenu wa uongozi 15 kwenda juu, hata kama hakimbii.