Oats zinapandisha sukari: mayai au maharage asubuhi?

Wengi wenye kisukari huambiwa wanywe uji wa oats, kisha kipimo cha saa mbili baadaye kinawashtua. Si ajabu. Asubuhi homoni huufanya mwili uitikie insulini kwa uvivu, na oats za kuiva haraka zimechakatwa kiasi kwamba wanga wake huingia kwenye damu upesi.

Kwa sukari peke yake, mayai yanashinda. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini, na wanga wake haufiki gramu 1. Yakaange kwa mafuta kidogo na nyanya, hoho na mchicha. Dakika kumi yako mezani. Ila ukiyasindikiza na chapati mbili na chai ya sukari, hujafanya kitu.

Maharage yana wanga, tena si haba, lakini nyuzinyuzi zake huuchelewesha, na shibe yake inakufikisha mchana. Kwa familia kubwa, bei haina mjadala: kilo moja hulisha wengi. Tatizo ni mkaa na muda. Yaloweke usiku, chemsha ya kutosha siku mbili tatu.

Anayetumia insulini au glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) asikate wanga ghafla bila kuongea na daktari. Sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Huyo huenda maharage yakamfaa zaidi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, kwa yote mawili. Wengine pimeni kabla ya kula na saa mbili baadaye, mkilenga chini ya milimoli 10 kwa lita.