Dawa na Vifaa vya Kukoroma Vinavyouzwa Bila Cheti: Kipi Ununue, Kipi Ukiache

Mke wangu aliweka simu kando ya mto usiku mmoja, na asubuhi akanifungulia nisikilize. Sikuamini kwamba sauti ile imetoka kwangu. Wakati huo nilikuwa nimeshamaliza chupa mbili za dawa ya kupuliza kooni, na nilikuwa najidanganya kwamba napata nafuu. Tangu hapo nimejaribu karibu kila kinachouzwa bila cheti cha daktari, na nimeona kwamba wengi wetu tunapoteza pesa kwa sababu tunanunua kabla ya kujua mkoromo unaanzia wapi.

Tukilala, misuli ya koo hulegea, ulimi hurudi nyuma na njia ya hewa hubana. Hewa inapojipenyeza hutikisa kaakaa laini na kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya mdomo, ndipo sauti inatoka. Kwa wengine kazi huanzia puani: pua ikiziba, mtu hulala mdomo wazi na kuvuta hewa kwa nguvu.

Kwa hiyo jipime kwanza. Simama mbele ya kioo, funga mdomo, kisha vuta shavu pembeni taratibu kwa vidole viwili, karibu na pua. Ukiona hewa inaingia kwa urahisi kuliko kawaida, basi pua yako imebana pale mlangoni. Halafu muulize mnayelala naye: unakoroma ukilala chali tu, au hata ubavu? Majibu hayo mawili yatakusaidia kuliko maneno yaliyoandikwa kwenye boksi.

Namba moja kwangu ni kifaa cha mdomoni kinachosogeza taya ya chini mbele. Taya ikisogea, ulimi husogea nao na koo hupata nafasi. Aina ya dukani unailainisha kwenye maji ya moto, kisha unaing'ata huku taya umeisogeza mbele, ishike umbo la meno yako. Wiki ya kwanza niliamka mate yamelowesha mto na taya imekaza, kifungua kinywa nikakitafuna polepole. Baadaye nilizoea. Kile kinachotengenezwa na daktari wa meno kwa kipimo chako hukaa vizuri zaidi na hufanya kazi vizuri zaidi, ila bei yake ni kubwa. Usikinunue kama una meno ya bandia, meno yanayolegea, ugonjwa wa fizi au maumivu ya kiungo cha taya. Na ukikitumia kwa muda mrefu, meno yanaweza kuhama kidogo, kwa hiyo yakaguliwe.

Namba mbili ni chochote kinachokuzuia kulala chali, lakini ni kwa yule tu anayekoroma akiwa chali. Kuna mikanda yenye mto mgongoni, na kuna vifaa vinavyotetemeka ukigeuka. Kabla ya kuvinunua, shona mfuko mgongoni mwa fulana kuukuu, tia mpira wa tenisi, ulale nayo wiki moja. Ikikusaidia, umeshajua.

Namba tatu ni vibandiko vya pua na vipanuzi vidogo vya ndani ya pua. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha jaribio la watu 40 wanaokoroma, waliotumia kibandiko cha pua, dawa ya kupuliza kooni na mto maalumu. Hakuna hata kimoja kilichopunguza mkoromo. Hata hivyo, kama kile kipimo cha shavu kilikupa nafuu, au una mafua, jaribu pakiti ndogo, usinunue kubwa.

Dawa za pua zitakufaa ikiwa pua imeziba kwa mafua au mzio. Kusafisha kwa maji ya chumvi ni salama mradi maji yawe yamechemshwa na kupoa. Zile za kuzibua pua haraka, kama oksimetazolini, zisizidi siku 3 mfululizo. Ukiendelea nazo, pua huziba zaidi ya mwanzo.

Dawa za kupuliza kooni, vidonge vya mitishamba na pete za kidole ziache dukani. Mkanda wa kidevu pia: utafiti wa mwaka 2014 kwa wagonjwa 26 haukuona faida yoyote. Plasta ya kufunga mdomo inanitia hofu, maana pua ikiziba usiku utapumulia wapi?

Pombe ya jioni na dawa za usingizi hulegeza koo, kwa hiyo anza kuziacha kabla hujatoa pesa.

Kuna mkoromo ambao si wa kununulia kitu. Kama pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi kisha unashtuka ukitweta, kama unaamka kichwa kinauma au unasinzia mchana hata ukiwa kwenye usukani, nenda kwa daktari upimwe usingizi. Wenye tatizo hilo husaidiwa na mashine ya kusukuma hewa kupitia barakoa, iliyoanza kutumika mwaka 1981. Kifaa cha dukani kinaweza kupunguza kelele tu, pumzi zikaendelea kukatika bila mtu kujua.

Na vizibo vya masikio kwa ajili ya mwenzako? Ni rahisi na vinasaidia. Ila mke wangu hakuvivaa mpaka nilipopimwa, maana ni yeye pekee aliyekuwa akisikia pumzi zangu.