Simujanja ya kwanza ukubwani: ipi uchukue, na kifurushi gani

Mama yangu alipopata simu ya kugusa kwa mara ya kwanza, wiki nzima malalamiko yake yalikuwa hayohayo: "Mwanangu, simu hii hainitaki." Nikadhani ni uoga tu. Siku nilipoketi naye nikamtazama mikono, nikaona kisa chenyewe. Akitaka kufungua WhatsApp, alikuwa anaweka kidole juu ya alama yake na kukikandamiza, kama alivyozoea kubonyeza vitufe vya simu yake ya kitochi. Simu inadhani ameshikilia ili kuhamisha kitu, alama zinaanza kuhama, moja inatoweka. Akijaribu kugusa upesi, kioo hakisikii kabisa. Ngozi ya vidole hukauka umri unavyosonga, na kioo cha simu hutambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme kidogo. Ngozi kavu haipitishi vizuri, basi kioo kinakuwa kama hakijaguswa.

Shida ile haikuwa ya mama. Ilikuwa ya mpangilio wa simu, na ilitatuliwa kwa dakika mbili. Lakini kwa wiki nzima aliamini kwamba yeye ndiye hawezi, na hilo linaniuma mpaka leo. Ndiyo maana ninapoulizwa ni simu gani mtu mzima aanze nayo, siangalii kamera kwanza wala kasi. Nauliza mambo mawili: kioo kinamsikia yeye mwenyewe, kwa kidole chake? Na akikwama, nani atamsaidia, na mtu huyo anatumia simu gani?

Simu, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Namba moja kwangu ni simu mpya ya Android (mfumo wa Google unaotumiwa na chapa nyingi, Samsung ikiwemo) ya bei ya kati, ya chapa ileile anayotumia mtu atakayekusaidia. Hilo la chapa watu hulipuuza, nami naliweka mbele ya sifa nyingine zote. Ukimpigia mwanao kumwambia "maandishi yamekuwa madogo ghafla," naye ana simu yenye menyu kama yako, atakuelekeza hatua kwa hatua huku akiitazama ya kwake. Akiwa na chapa nyingine, wote wawili mtababaika.

Kuhusu sifa zenyewe, tafuta RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, isiyopungua GB 4, ikiwa 6 ni vizuri zaidi, na nafasi ya kuhifadhi ya GB 128. Muuzaji atakuambia GB 64 inatosha kwa mzee. Haitoshi. Mfumo wa simu peke yake hula sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na ukishaingizwa kwenye makundi mawili matatu ya WhatsApp, video na picha za salamu za asubuhi zitamaliza iliyobaki. Simu iliyojaa huwa nzito, inagoma kupokea picha, na mwenye simu anadhani ameiharibu.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawaliulizi: simu hii itapata masasisho ya usalama mpaka mwaka gani? Mtu mzima habadilishi simu kila baada ya miaka miwili, hivyo jibu lina uzito kwake kuliko kwa kijana. Samsung waliiahidi Galaxy A16, ambayo si simu ya bei ya juu, miaka 6 ya masasisho. Google wameahidi miaka 7 kwa simu zao za Pixel 8 na zilizofuata. Zipo chapa zinazotoa miaka miwili tu, tena kwa kuchelewa. Simu isiyosasishwa huendelea kuwaka, lakini milango inayotumiwa na matapeli inabaki wazi, na siku moja programu unazozitegemea zinakataa kufanya kazi.

Faida nyingine ya Android ni kwamba unaweza kuiweka kwa Kiswahili. Usikubali kuambiwa tu kwamba ipo. Ingia kwenye mipangilio ya lugha pale dukani uione kwa macho yako. Simu za Samsung zina pia hali rahisi, inayokuza alama na maandishi na kuongeza muda simu inaokusubiri kabla ya kuhesabu kwamba umeshikilia. Hiyo ndiyo ingemwokoa mama yangu.

Namba mbili ni iPhone ya Apple, kwa sharti moja: walio karibu nawe wawe wanaitumia. Ni simu imara na hupata masasisho kwa miaka mingi. Tangu iOS 17 (toleo la mfumo wa iPhone) ya mwaka 2023 ina hali maalumu inayobakiza kwenye kioo mambo machache tu, kama kupiga simu, ujumbe, kamera na picha, kwa alama kubwa sana. Kikwazo, mbali na bei, ni kwamba tangu iPhone X ya 2017 nyingi hazina kitufe cha kurudi mwanzo. Inabidi utelezeshe kidole kutoka chini kwenda juu, na kwa mkono unaotetemeka au vidole vyenye baridi yabisi hilo ni zoezi. Android nyingi hukuruhusu kurudisha vitufe vitatu chini ya kioo, na mimi humwekea kila anayeanza. Usinunue iPhone kwa kuwa ndiyo simu ya heshima. Ikiwa nyumba nzima inatumia Android, utakuwa mgeni peke yako.

Namba tatu ni simu nzuri iliyotumika, hasa ile ambayo mwanao au mjukuu anaiacha kwa sababu amenunua mpya. Nayapenda haya makabidhiano, kwani simu ya bei ya juu ya miaka miwili iliyopita mara nyingi inaishinda mpya ya bei ya chini, na anayekupa anaijua nje ndani. Ila aondoe kwanza akaunti yake ya Google au ya Apple, kisha aifute kabisa. Asipofanya hivyo, utapokea majina ya rafiki zake na picha zake, naye atapokea zako. Kwa iPhone, akiiacha bila kuondoa akaunti, simu inaweza kukataa kukutumikia. Angalia pia afya ya betri kwenye mipangilio yake. Ikishuka chini ya asilimia 80, hesabu gharama ya betri mpya. Ikiwa unanunua kwa mtu usiyemjua, piga *#06#, namba ya tarakimu 15 ya utambulisho wa simu (IMEI) itajitokeza. Ilingane na iliyoandikwa kwenye boksi. Hana boksi na hataki uipige? Ondoka.

Namba nne ni Android mpya ya bei ya chini kabisa, yenye RAM ya GB 2. Naiweka huku chini nikijua kwamba kwa wengi ndiyo pesa iliyopo. Tatizo lake si uduni wa kamera. Ni kwamba inachelewa kujibu. Mzoefu akigusa na simu ikakaa kimya, husubiri. Anayeanza hugusa tena, na tena, kisha simu inatekeleza miguso yote mitatu kwa mpigo na anajikuta mahali asipopajua. Simu nzito humfundisha anayejifunza mambo ya uongo. Kama huna budi, chagua yenye Android Go, ambayo ni toleo jepesi la mfumo huo, na uweke programu chache tu.

Ya mwisho kwangu ni simu za vitufe zenye intaneti kidogo ndani yake. Zinavutia kwa kuwa zinafanana na ulichozoea na chaji inakaa siku nyingi. Lakini WhatsApp iliacha kuhudumia mfumo wa KaiOS, uliokuwa kwenye nyingi za simu hizo, mwanzoni mwa 2025. Ukiichukua leo ili uzungumze na wajukuu kwa video, umenunua simu ya kawaida kwa bei ya juu zaidi. Ila kitochi chako cha zamani usikitupe, kikae na laini yake kama akiba.

Ukiwa dukani

Nenda mwenyewe. Nawasihi watoto pia: msimnunulie mzazi simu asiyoishika. Muombe muuzaji aiwashe, kisha ushike kwa mkono unaoutumia kila siku, kwa dakika tano. Kioo cha inchi 6.7 kinasomeka vizuri, lakini simu ya karibu gramu 200 huchosha kifundo cha mkono kilicho dhaifu. Andika jina lako lote kwa kidole chako. Kuza maandishi mpaka mwisho na uone kama bado yanaenea kwenye kioo. Pandisha mlio juu kabisa, na usikilize milio mizito badala ya myembamba, maana masikio yetu hupoteza sauti nyembamba kwanza. Kama unavaa kifaa cha kusaidia kusikia, nenda nacho ujaribu kukiunganisha.

Tazama tundu la chaji. Liwe USB-C, ile ambayo waya wake unaingia upande wowote. Nimeona tundu za zamani zikivunjika kwa sababu mwenye simu haoni vizuri na amesukuma waya kichwa chini. iPhone nazo zina USB-C kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023.

Alama ya kidole kama kufuli mimi siipendekezi kwa anayeanza. Vidole vikavu au vilivyosuguliwa na kazi za miaka mingi mara nyingi havitambuliki. Namba ya siri inatosha, ilimradi isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Protekta nene ya kioo nayo hupunguza usikivu wa mguso, kwa hiyo ijaribu kabla haijabandikwa moja kwa moja.

Kuhusu 5G, usilipie zaidi kwa ajili yake. Hakikisha tu kwamba simu inaweza kupiga kupitia 4G kwenye mtandao wako, uwezo unaoitwa VoLTE. Nchi kadhaa zimeshazima 3G, Ujerumani mwaka 2021 na Marekani mwaka 2022, na simu isiyo na VoLTE mahali ambapo hata 2G haipo inaweza kuwa na intaneti ikakosa sauti.

Kifurushi

Hapa ndipo wazee huumizwa zaidi, kwa hiyo tuhesabu pamoja. Ujumbe wa maandishi wa WhatsApp hauli karibu kitu, unaweza kuandika mwezi mzima. Kupiga kwa sauti kupitia WhatsApp kwa kawaida hakufiki MB 1 kwa dakika. Kwa video ni takriban MB 5 kwa dakika. YouTube kwa ubora wa picha wa kati (480p) hula karibu nusu GB kwa saa, na ubora ukipanda, matumizi yanapanda nao.

Chukua mtu anayezungumza kwa video mara mbili kwa wiki, dakika 20 kila mara. Hizo ni dakika 160 kwa mwezi, yaani kama MB 800. Ongeza picha, ujumbe wa sauti na kusoma habari, unafika GB 2 hivi. Kwa hiyo chaguo langu la kwanza ni kifurushi cha mwezi cha kulipia kabla, cha GB 2 au 3, chenye dakika za kupiga ndani yake. Kikiisha kimeisha, hakuna deni linalokufuata. Baada ya mwezi mmoja fungua mipangilio uone ulitumia kiasi gani, ndipo uongeze au upunguze.

Ikiwa nyumbani kuna Wi-Fi, hata GB 1 yaweza kutosha kwa safari zako za nje. Hilo ndilo chaguo la pili, na kwa anayependa kutazama video ndilo la kwanza.

Vifurushi vya siku na vya wiki naviweka nafasi ya tatu. Vinaonekana rahisi, lakini vinakulazimisha kukumbuka kujiunga kila mara. Ukisahau, kwenye baadhi ya mitandao intaneti inaanza kula salio lako la kawaida, tena upesi. Mpigie huduma kwa wateja uulize kama hilo linaweza kuzuiwa kwenye laini yako.

Mkataba wa kulipa baadaye unaokuja pamoja na simu ni wa mwisho. Unakufunga mwaka au miaka miwili kabla hujajua kama simu yenyewe unaipenda.

Chochote utakachochagua, siku ya kwanza fanyeni mambo matatu mkiwa kwenye Wi-Fi. Kwanza, zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe ndani ya WhatsApp, hapo ndipo bando nyingi hupotelea. Pili, ruhusu masasisho kwa Wi-Fi tu, kwani ya siku ya kwanza pekee yanaweza kumeza kifurushi kizima. Tatu, funguliwa akaunti yako mwenyewe ya Google au ya Apple, kwa jina lako, na nywila yake iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani. Na namba ya tarakimu sita ambayo WhatsApp hukutumia wakati wa kujisajili haiombwi na mtu yeyote mwenye nia njema, hata akijitambulisha kama mpwa wako.

Kwa kila simu ninayomwekea mtu mzima naacha alama nne tu kwenye ukurasa wa mbele: simu, WhatsApp, kamera, tochi. Mengine yanaongezwa moja kwa wiki, akiomba mwenyewe. Boksi na risiti viwekwe pamoja na waya wa chaji mpaka muda wa kurudisha upite. Ikiwa umeongeza muda wa kushikilia, umekuza maandishi, umepaka vidole mafuta kidogo na bado kioo hakikusikii, irudishe kabla muda huo haujaisha.