Meza ya visu vikuukuu, Mwembe Tayari: nyota tatu na nusu

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Zingekuwa nne na nusu kama si ile mashine ya kusagia iliyo nyuma ya meza, nami nitaifikia.

Meza yenyewe haina jina wala kibao. Ni kipande cha plaiwudi juu ya makreti ya soda, upande wa Mwembe Tayari, Mombasa, baina ya muuza soketi za umeme na kijana anayebadilisha vioo vya simu. Mwenyewe ni mzee ambaye soko zima humwita Ami, nami humwita hivyo hivyo. Ana bawaba, saa zisizokwenda, miwani ya kusomea, komeo za meli, na katikati, juu ya sinia la chai lililopinda, visu vya kukunja. Ndivyo vinavyonileta. Mimi ni fundi wa maabara ya shule ya upili. Lenzi ninayo ya kazi, na mshahara wangu si wa kukusanya saa za dhahabu. Visu vya mfukoni vya bei ya chini, vilivyotengenezwa kwa maelfu ili mtu wa kawaida akate kamba na kumenya chungwa, hivyo navimudu. Raha yake hasa ni kujua kimetoka mkononi mwa nani.

Jambo la kwanza la kumjua Ami ni kwamba hapangi bei kwa jina la kiwanda. Anapanga kwa ukubwa na kwa mng'ao. Kisu kikubwa kinachometameta atakuambia shilingi 800, ukikaza uso atashuka mpaka 600. Kidogo kilicholiwa na kutu, 200, na ukinunua na kitu kingine atakutupia kwa 150. Kwa hiyo mtu anayejua kusoma chapa anapata mali pale, na asiyejua anaondoka na chuma cha Wazirabad, Pakistani, kilichopakwa mng'aro, akidhani ni cha Uingereza. Simtukani fundi wa Wazirabad; ule ni mji wa wafua visu kweli kweli, na ninavyo viwili vya huko ninavyovipenda. Ila bei yake si ile.

Chapa inasomwaje? Fungua kisu uangalie ubapa pale unapoingia kwenye mpini. Kuna kipande kifupi kisichonolewa, kipana kama ukucha wa kidole kidogo. Hapo ndipo mtengenezaji alipogonga jina lake. Tia tone la mafuta ya cherehani, subiri kidogo, sugua polepole kwa mswaki mkuukuu, pangusa kwa pamba. Kisha kiweke kisu jua lije kwa ubavu, lisipige moja kwa moja, ndipo herufi zinyanyuke. Geuza na upande wa pili. Kikiwa na bapa mbili, zisome zote, maana mara nyingi jina liko kwenye ubapa mkubwa na mji au aina ya chuma iko kwenye mdogo. Msasa uache nyumbani. Ami ananiacha nifanye yote hayo mezani pake bila kunifukuza, hata hunisogezea kigoda, na kwa hilo pekee nampa nyota nzima.

Sasa vilivyomo kwenye sinia. Vingi ni vya Sheffield, Uingereza, na vya Solingen, Ujerumani, na wauzaji wote wa mitumba wa mji huu wanalijua neno Solingen kwa moyo. "Hiki Solingeni, mwalimu, baba yao!" ndiyo salamu ya Ami kwangu (kwake yeye, kila afanyaye kazi shuleni ni mwalimu). Lakini Solingen ni mji, si kiwanda. Ujerumani ililinda jina hilo kwa sheria mwaka 1938, ili mtu wa nje ya eneo lile asiligonge kwenye kisu chake, na ndani ya mji wenyewe walikuwemo mafundi na viwanda chungu nzima. Kwa hiyo ukiona Solingen peke yake, bado hujajua lolote kuhusu mtengenezaji. Tafuta picha. Mafundi wale walipenda wanyama na vitu: paka, nyangumi, mapacha, funguo. Na angalia jina la nchi limeandikwaje. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 ndiyo iliyowalazimisha Wajerumani kuandika asili ya bidhaa zao zilizoingia kule, na kikisema West Germany, basi kimetengenezwa kati ya mwaka 1949 na 1990. Vivyo hivyo na neno Stainless. Chuma kisichoshika kutu alikipata Harry Brearley pale Sheffield mwaka 1913, kwa hiyo atakayekuuzia kisu chenye neno hilo akisema ni cha enzi za Malkia Victoria, mwombe akuonyeshe na mtungi wa Sultani.

Nilichofurahia zaidi safari ya karibuni ni Richards mdogo wa Sheffield, mpini wake wa bati lililokandamizwa na kupakwa rangi ya lulu, umebonyea kidogo. Shilingi 150. Chapa yake ni taa ya barabarani, nguzo na kila kitu, imekaa wima karibu na jina, na kwa lenzi unaiona vizuri. Wakusanyaji wakubwa huvidharau visu hivi kwa sababu vilikuwa vya bei ya chee, vya watoto na vya kuuzia wageni ufukweni. Mimi navipenda kwa hadithi yake: Richards hawakuwa Richards. Walikuwa ndugu wa ukoo wa Richartz kutoka Solingen, wakafungua kazi Sheffield mwaka 1932 na jina wakalifanya la Kiingereza. Yaani huyo ni mtoto wa miji yote miwili, amelala kwenye sinia la chai Mombasa.

Kando yake kulikuwa na kile cha jeshi la Uingereza, kizito, mpini mweusi wenye miraba ya kukwaruza kidole, ubapa mmoja mnene, kifungua mikebe, na mgongoni msumari mrefu wa kulegezea mafundo ya kamba. Hiki ni rahisi kukitambua kwa sababu jeshi halikuacha mambo yake gizani: tafuta alama ya mshale mpana, ambayo ni alama ya mali ya serikali, na mara nyingi mwaka uko papo hapo. Cha Ami kilikuwa cha 1943. Alitaka 1,000 na hakushuka hata thumuni, kwa sababu ni kizito. Nimekiacha. Vilitengenezwa kwa wingi mno, kitakuja kingine.

Mercator ya paka ipo pia, ila nakuomba uangalie mara mbili. Ile halisi ina mpini wa bati jeusi lililokunjwa, paka anayeruka na herufi K55K, na ni ya Heinrich Kaufmann & Söhne wa Solingen, waliokiita kiwanda chao Indiawerk. Paka huyo aliigwa, hata Wajapani walimtengeneza. Ya Ami ina paka mnene asiyeruka, amesimama tu kama anangoja samaki, na ubapani hakuna Indiawerk wala Solingen. 500 si bei yake.

Na Rodgers! Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield ndilo jina lililoigwa kupita kiasi katika biashara hii. Alama yao ni nyota na msalaba wa Malta, ubavu kwa ubavu. Pale mezani pana kisu kizuri cha pembe chenye taji na herufi za mfalme, ukikisoma haraka utaona Rodgers. Soma polepole: hakina herufi ya "d", na nyota na msalaba havipo. Nilimwonyesha Ami kwa lenzi. Akatazama, akacheka, akasema, "Basi toa mia ya ile herufi, mwalimu." Akatoa kweli. Nikakichukua kwa 400, maana pembe yake ni nzuri na springi yake bado ina hasira.

Hapo nitue kidogo kwa Okapi, kwa sababu watu hunipigia simu kuniuliza. Okapi ni yule mnyama wa msitu wa Ituri, Kongo, mwenye miguu ya punda milia na shingo ya twiga mfupi. Wanasayansi wa Ulaya walimwingiza kwenye vitabu vyao mwaka 1901, na mwaka uliofuata Wajerumani wakaanza kuuza kisu chenye jina lake katika makoloni yao ya Afrika. Makoloni hayo ni pamoja na huku kwetu jirani, Tanganyika, Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 jina na mitambo vikanunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na mpaka leo kinatengenezwa huko. Kwa hiyo swali la mnunuzi ni moja tu: chapa inasema nchi gani? Cha Ujerumani ni cha kabla ya kuhama. Cha Ami kinasema South Africa, mpini wa mbao wenye miezi na nyota za chuma, pete mgongoni. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra, jino kwa jino, na hakifungi mpaka uivute pete. Shilingi 450. Ni kisu cha kazi, chuma chake chakolea makali hata kwenye jiwe la kawaida, na kwa shamba sina neno nacho. Kwa mkusanyaji si cha zamani, na Ami anaapa kwamba ni cha zamani.

Opinel iliyokuwepo, kisu cha Kifaransa, nimeipita. Ina pete ya kufungia shingoni, na pete ile ilianza mwaka 1955. Cha namba 8 kisicho nayo ningekibeba bila kuuliza bei. Usikichanganye na vidogo vya namba 2 mpaka 5, ambavyo havina pete hata leo.

Sasa mashine. Ni mota ya umeme yenye jiwe upande mmoja na gurudumu la kitambaa upande wa pili, na Ami anaipenda kama mjukuu. Akipata kisu chenye kutu, jambo lake la kwanza ni kukipeleka pale. Kinarudi kinang'aa kama sinia la harusi, na chapa imekwenda. Kulikuwa na kisu kimoja chembamba cha mpini wa mfupa wa kahawia, nilikiona kabla ya mwisho wa mwezi. Chini ya kutu niliona herufi za mwisho, G-E-N, na juu yake mkia wa mnyama, mkia tu, umepinda kwenda juu. Huenda alikuwa nyangumi, huenda paka. Niliporudi na pesa kilikuwa kimepita mashineni. G-E-N hakuna, mkia hakuna, ubapa umepungua unene mpaka unachezacheza ukikunjwa, na bei imepanda kutoka 200 hadi 700. Ami alikuwa anajivunia kazi yake. Nilimuuliza, "Ami, na yule mnyama?" Akaniuliza mnyama gani.

Hilo ndilo linaloondoa nyota. Kwa mtu anayetaka kisu cha kukatia, mashine si tatizo kubwa. Kwa mkusanyaji, kisu kisicho na chapa ni chuma tu. Na joto la jiwe lile likizidi, chuma huona rangi ya samawati karibu na makali na ugumu wake hulegea, kwa hiyo hata wa kukatia aangalie rangi kabla hajalipa.

Mengine ni madogo. Vingine amevipaka vanishi mpinini ili kuficha ufa, ukikiinamisha juani utauona. Kabla ya kulipa, kifungue na kukikunja mara kadhaa: kiwe na mlio mkavu kikifunga, ubapa usiguse mbao za pembeni, ribiti zisiwe mpya kwenye mpini wa zamani. Mwombe chenji mapema, hana kamwe. M-Pesa anapokea, lakini kwa simu ya yule kijana wa vioo, na kijana akienda kuswali mnasubiri wote. Ukikileta nyumbani, na unakaa karibu na bahari kama sisi, usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya unyevu wa chumvi na kukirudishia kisu usiku kucha. Mafuta kidogo, kitambaa cha pamba, droo kavu, yatosha.

Baada ya kisa cha yule mnyama tulikubaliana jambo. Chini ya meza Ami ameweka kopo la maziwa ya unga, na humo anatia visu vilivyoingia ambavyo bado hajavipeleka mashineni. Havimo kwenye sinia na hatakuonyesha usipouliza. Mwambie unataka vya kopo. Bei ni 200 kila kimoja bila kuchagua ukubwa, na anafungua kuanzia saa tatu asubuhi isipokuwa Ijumaa, ambapo huja baada ya swala. Mara ya mwisho mlikuwa na vitano, viwili vimegandiana kwa kutu, na kimoja kina funguo mbili zilizopishana ambazo bado sijajua ni za nani, kwa hiyo hicho mniachie.